Haki Kwanza, Sadaka Baadaye

Katika mitaa yetu ya Eastlands kiongozi akitaka kujulikana kuwa mtu mwema, hutoa. Hutoa mabati ya kuezekea kanisa, hutoa viti, hutoa sare za kwaya. Hutoa unga wakati wa njaa na blanketi wakati wa mafuriko. Akiisha kuondoka, watu husema kwamba ana moyo wa kutoa, na jina lake hutajwa katika maombi. Wachache mno huuliza swali la pili: je, ni mwenye haki?

Sisi tunashikilia kwamba Maandiko Matakatifu huanza na swali hilo la pili. Kutoka Torati mpaka Nyaraka za Mitume, Mungu hamuulizi mtawala ametoa kiasi gani kabla ya kumuuliza amechukua nini, kwa nani, na amerudisha lini. Hisani ni jambo jema, na wahenga walisema haiozi. Lakini haki ni deni, na deni halilipwi kwa zawadi. Mtu aliyekunyang'anya ng'ombe hawezi kukuletea kibaba cha maziwa kila Krismasi akataka ashukuriwe. Hili ndilo neno tunalotaka kulisema leo kwa viongozi wetu, kwa makanisa yetu, na kwa kila mmoja wetu aliyepigania nchi hii iwe na vyama vingi.

ZAKAYO ALIPOSHUKA

Tuanze na Yeriko, kwa sababu sisi watu wa Eastlands tuna Jericho yetu wenyewe, na mtaa wa Jerusalem uko jirani yake. Katika Yeriko ile ya Injili ya Luka, sura ya 19, aliishi mkuu wa watoza ushuru aliyeitwa Zakayo. Jina hilo Wakenya wanalijua vema. Tangu 2023, kodi zilipoongezeka, wananchi walimbandika Rais William Ruto jina la Zakayo, na yeye mwenyewe akalitaja hadharani. Mwezi Juni 2024, vijana walipojaa barabarani kuupinga Mswada wa Fedha, walipaza sauti wakimtaka Zakayo ashuke. Mswada uliondolewa tarehe 26 Juni, siku moja baada ya waandamanaji kuingia Bungeni na vijana kuuawa kwa risasi.

Ila mzaha huo wa barabarani huishia katikati ya hadithi. Zakayo kushuka kutoka mkuyuni hakukuwa mwisho wa jambo. Yesu aliingia nyumbani kwake, wakaketi, na hapo ndipo yalipotokea mambo ambayo wahubiri wengi huyapita haraka. Zakayo alisimama akafungua daftari mbili. Katika daftari ya kwanza aliandika sadaka: nusu ya mali yake iende kwa maskini. Katika daftari ya pili aliandika fidia: kila mtu aliyemdhulumu atarudishiwa mara nne.

Tazama, hakuzichanganya. Hakusema kwamba kwa kuwa nusu ya mali imekwenda kwa maskini, basi wale aliowadhulumu wanyamaze. Alijua kwamba maskini kwa jumla ni watu wengine, na mjane fulani aliyetozwa zaidi ya haki yake ni mtu mwingine, mwenye jina na mwenye mlango. Tena kipimo cha mara nne hakukibuni. Katika Kutoka 22 mwizi wa kondoo anaamriwa kulipa kondoo wanne kwa mmoja. Naye Daudi, Nathani alipomsimulia habari za tajiri aliyechukua mwana-kondoo wa pekee wa maskini, alitamka hukumu hiyo hiyo ya mara nne, asijue kwamba alikuwa akijihukumu mwenyewe. Wokovu ulitangazwa katika nyumba ya Zakayo baada ya daftari zote mbili kufunguliwa.

Viongozi wetu wengi wana daftari moja tu, ile ya sadaka. Nayo huisomea hadharani, mbele ya kamera.

SHAMBA LA NABOTHI LILIKO

Sasa tuangalie daftari ya pili, ile isiyosomwa, kwa upande wa ardhi na makao.

Hadithi ya Nabothi, katika 1 Wafalme 21, huhubiriwa mara nyingi kama habari ya mfalme mwovu na mke mwovu zaidi. Tukiisoma taratibu tunaona kwamba Ahabu hakuanza kwa ubaya. Alianza kwa mazungumzo. Alimwambia Nabothi kwamba atampa shamba lililo bora zaidi, au fedha taslimu, kwa kuwa lile la mizabibu lilikuwa karibu na jumba la kifalme naye alitaka kulifanya bustani ya mboga. Mpango wa maendeleo, kama tungeuita leo. Nabothi alikataa kwa sababu ardhi ile ilikuwa urithi wa baba zake. Hapo ndipo serikali ilipoingia kazini: barua zikaandikwa kwa jina la mfalme, zikatiwa muhuri, wazee wa mji wakaitwa, mfungo ukatangazwa, mashahidi wawili wa uongo wakapatikana, na hukumu ikatolewa. Kila karatasi ilikuwa sawa. Hata ibada ilitumiwa, maana dhuluma ile ilifunguliwa kwa kufunga na kuomba. Ahabu hakushika jiwe hata moja, lakini Eliya alipomkuta shambani hakumuuliza Yezebeli wala wazee wa Yezreeli. Alimuuliza mfalme.

Historia ya Eastlands ina mashamba mengi ya Nabothi. Mei 1990, mabanda ya Muoroto, karibu na kituo cha mabasi yaendayo mashambani, yalibomolewa na askari wa jiji, na wakazi wakapigana nao. Wachungaji na maaskofu waliokemea kitendo kile waliambiwa wasijiingize katika siasa. Wiki chache baadaye ilifika Saba Saba. Kenneth Matiba na Charles Rubia, aliyekuwa Mwafrika wa kwanza kuwa Meya wa Nairobi, walikuwa wameitisha mkutano katika uwanja wa Kamukunji ili kudai vyama vingi. Walikamatwa tarehe 4 Julai na kuwekwa kizuizini. Watu walikwenda Kamukunji tarehe 7 hata hivyo, na polisi wakawatawanya kwa vitoa machozi, rungu na risasi. Serikali yenyewe ilikiri vifo 20. Hatuamini kwamba Muoroto na Kamukunji ni habari mbili tofauti. Aliyebomolewa kibanda Mei alijua mwezi Julai kwamba hana mahali pa kulalamikia, kwa sababu chama kilikuwa kimoja na mlango ulikuwa mmoja.

Kipengele cha 2A, kilichoifanya KANU chama cha pekee kisheria tangu 1982, kilifutwa Desemba 1991. Wengi walidhani kwamba tukiwa na vyama vingi tingatinga zitajifunza adabu. Je, zilijifunza?

Tarehe 4 Mei 2020, wakati wa kafyu ya korona na mvua za masika, tingatinga zilifika Kariobangi North katika ardhi iliyodaiwa na kampuni ya maji ya jiji. Wakazi walisema waligawiwa viwanja vile na baraza la jiji, nao walikuwa na karatasi mikononi. Amri ya mahakama ya kuzuia ubomoaji ilikuwa imetolewa. Nyumba zilivunjwa, na maelfu ya watu wakaachwa nje katika majira ambayo serikali hiyo hiyo ilikuwa ikiwaambia Wakenya wakae nyumbani. Mei 2024, baada ya mafuriko yaliyoua watu wengi, serikali ilibomoa nyumba kandokando ya mto Mathare. Rais alifika akaahidi shilingi 10,000 kwa kila nyumba iliyoathiriwa, ili watu wakatafute makao kwingine.

Hatusemi kwamba ni vema watu kulala kwenye ukingo wa mto uliofurika. Mambo ya Walawi 19 huonya kwamba mwamuzi asimpendelee tajiri, na vilevile asimpendelee maskini kwa sababu tu ya umaskini wake. Haki haina machozi ya upande mmoja. Ikiwa mahali ni pa hatari, watu waondolewe. Lakini haki huuliza: walipewa ilani? Walisikilizwa? Waliandaliwa mahali pa kwenda kabla ya ukuta kuanguka? Katiba ya 2010, katika kifungu cha 43, inatambua haki ya kila mtu ya kupata makao yanayofaa. Shilingi 10,000 zilizoahidiwa kwa mkono wa huruma ni hisani. Notisi, kikao cha kusikilizwa na mahali pa kuhamia ni haki. Kiongozi aliyetoa ya kwanza hajalipa ya pili.

VIPIMO VIWILI

Kila mama anayenunua nyama katika soko la Burma anajua kuitazama mizani kabla ya kuutazama mnofu. Kumbukumbu la Torati 25 linakataza mtu kuwa na vipimo viwili mfukoni, kikubwa cha kununulia na kidogo cha kuuzia. Sheria ile ilitungwa kwa ajili ya wachuuzi, lakini manabii waliipeleka mpaka ikulu.

Hebu tuipeleke Huruma. Tarehe 29 Aprili 2016, usiku wa mvua kubwa, jengo la ghorofa sita lilianguka katika mtaa huo na kuua takriban watu 50. Baadaye ilielezwa na wakuu wenyewe kwamba jengo lile lilikuwa limekwisha kuonekana kuwa hatari na kuamriwa libomolewe. Amri ilikuwapo, tingatinga haikufika. Sasa weka Huruma upande mmoja wa mizani na Kariobangi upande wa pili. Pale amri ilisema bomoa, wapangaji wakaachwa ndani. Huku amri ilisema msibomoe, na nyumba zikaangushwa. Mashine ni zile zile, jiji ni lile lile. Kilichotofautiana ni nani mwenye nyumba. Je, hivyo si vipimo viwili?

Tuongeze jambo la tatu. Tume ya Ndung'u, iliyoundwa mwaka wa 2003 na kutoa ripoti yake mwaka wa 2004, ilieleza jinsi ardhi ya umma ilivyogawanywa kinyume cha sheria nchini mzima, na ikapendekeza hati nyingi zifutwe. Mapendekezo mengi yalibaki kwenye karatasi. Asiye na hati aliondolewa kwa siku moja; mwenye hati ya wizi amepewa miaka zaidi ya ishirini ya kufikiri. Mgala muue na haki yake mpe, walisema wahenga. Sisi tumefika mahali ambapo Mgala anauawa, na haki yake anapewa jirani.

KAYOLE, NOVEMBA 2024

Kuna siku moja, si mbali sana, ambapo somo hili lilihubiriwa Eastlands kwa vitendo.

Jumapili tarehe 17 Novemba 2024, Rais Ruto alihudhuria Misa katika Kanisa Katoliki la Soweto, Kayole. Alitoa shilingi 600,000 kwa kwaya na watoto wa utume, na shilingi milioni 2 za ujenzi wa nyumba ya mapadri. Akaahidi milioni 3 zaidi pamoja na basi la parokia. Gavana wa Nairobi, Johnson Sakaja, alitoa shilingi 200,000. Kesho yake, Jimbo Kuu la Nairobi chini ya Askofu Mkuu Philip Anyolo lilitangaza kwamba fedha hizo zitarudishwa kwa waliozitoa, na kwamba ahadi ya milioni 3 na ya basi hazitapokelewa. Lilikumbusha kuwa kanisa halipaswi kutumiwa kwa faida ya kisiasa.

Wako waumini walionung'unika. Mapadri wanahitaji nyumba, kwaya inahitaji sare. Kwa nini kukataa neema? Tunawaelewa, kwa maana hakuna parokia ya Kayole yenye fedha za kutupa. Lakini tukumbuke kilichotangulia. Siku chache kabla ya Jumapili ile, maaskofu Wakatoliki wa Kenya walikuwa wametoa taarifa nzito juu ya uongo katika utawala, mzigo wa kodi na ahadi zisizotimizwa. Miongoni mwa malalamiko yao lilikuwamo hili: bima ya afya ya taifa ilidaiwa fedha nyingi na hospitali za kanisa, hospitali zilizokwisha kuwatibu wagonjwa na zilizokuwa zikingoja malipo.

Hapo ndipo penye kiini cha maneno yetu. Deni la hospitali lilikuwa haki. Basi la parokia lilikuwa hisani. Kulipokea la pili huku la kwanza halijalipwa ni kukubali kwamba kiongozi anaweza kuchagua: kile anachodaiwa akicheleweshe kimya kimya, na kile asichodaiwa akitoe kwa vigelegele. Tena, tarehe 5 Julai mwaka huo huo, Rais mwenyewe alikuwa ametangaza kwamba maafisa wa serikali hawataruhusiwa kushiriki harambee. Neno hilo lilitoka kinywani mwake, si kinywani mwa wapinzani wake.

Torati ilikwisha kutuonya. Kutoka 23 na Kumbukumbu 16 zinafundisha kwamba zawadi humpofusha hata mwenye macho mazuri na kuyapotosha maneno ya mwenye haki. Angalia kwamba onyo hilo halimhusu mtu mbaya. Linamhusu mwenye macho mazuri! Mchungaji mwema, mwenye nia njema, akiisha kulipanda basi alilopewa, atakawia kidogo Jumapili ile nyumba za waumini wake zitakapobomolewa. Hatanyamaza kwa uovu. Atakawia tu. Nako kukawia huko ndiko alikokusudia mtoaji.

Naye nabii Amosi, katika sura ya 5, anamtangaza Mungu anayezikataa sikukuu, sadaka na hata nyimbo za watu wake, mpaka haki itakapotiririka kama mto usiokauka. Nyimbo pia! Kwaya yenye sare mpya haiwezi kuimba kwa sauti ya kumfunika mtu anayelia nje ya dirisha.

WANAOSEMA TUNYAMAZE

Tutajibiwa na baadhi ya ndugu kwamba Warumi 13 yatuamuru kuwatii wenye mamlaka. Naam, yatuamuru. Lakini Paulo aliandika pia kwamba mwenye mamlaka ni mtumishi wa Mungu kwa ajili ya mema yetu. Mtumishi hupewa kazi, na kazi hukaguliwa. Paulo huyo huyo, katika Matendo 16, alipigwa viboko hadharani mjini Filipi pasipo kuhukumiwa, akatiwa gerezani. Asubuhi wakuu walituma watu wamfungue aende zake kimya. Alikataa. Aliwataka waje wenyewe wamtoe, kwa sababu walikuwa wamemdhulumu hadharani. Alimtii Mungu kwa kudai utaratibu wa sheria.

Wengine watasema kwamba kanisa lishughulike na roho za watu na siasa iachiwe wanasiasa. Kama wazee wetu wangelifuata shauri hilo, leo tungekuwa tungali tunapanga mlolongo. Mwaka wa 1986 KANU ilipoleta kura ya kusimama nyuma ya wagombea, wachungaji waliokutana chini ya Baraza la Makanisa, NCCK, walipinga. Askofu Henry Okullu, Askofu Alexander Muge, Askofu David Gitari na Mchungaji Timothy Njoya walisema waziwazi kwamba kura ya siri ni haki ya mwananchi. Mnamo Juni 1987 Gitari alihubiri mjini Nyeri juu ya Danieli katika tundu la simba, akionyesha jinsi sheria inayotungwa kwa haraka ili kumpendeza mfalme inavyoweza kumnasa mwenye haki. Uchaguzi wa 1988 ulifanyika kwa mlolongo, na palipokuwa na safu fupi palitangazwa washindi. Gazeti la Beyond, lililochapishwa na NCCK, lilipoeleza hayo lilipigwa marufuku. Siku ya Mwaka Mpya 1990 Njoya alihubiri kwamba tawala za chama kimoja za Afrika hazitaokoka yaliyozikumba zile za Ulaya ya Mashariki. Tarehe 7 Julai 1997 alipigwa ndani ya Kanisa Kuu la All Saints, polisi walipowavamia waliokuwa wakidai mabadiliko ya katiba.

Hao hawakuacha injili wakashika siasa. Waliisoma injili yote. Na watu wa Eastlands waliokwenda Kamukunji wakitoka Bahati, Shauri Moyo, Kaloleni na Pumwani walikwenda wengi wao wakiwa watu wa kanisa, waliokwisha kuyasikia maneno ya manabii.

Lakini haitoshi kuwasifu waliotangulia. Vyama vingi vilitupatia milango mingi ya kubisha. Havikutupatia watu wenye haki nyuma ya milango hiyo. Tangu uchaguzi wa Desemba 1992 tumeona viongozi wakihama chama hiki na kuingia kile, wakiwa wamebeba tabia ile ile kama mzigo wa msafiri. Aliyekuwa upinzani akilia juu ya harambee za KANU, akiingia serikalini huja kanisani na bahasha nene zaidi. Mageuzi ya chama bila mageuzi ya mizani ni kubadili mwuza nyama na kuliacha jiwe bovu la kupimia.

KIPIMO CHA KIONGOZI

Basi Maandiko yanamtaka kiongozi awe mtu wa namna gani? Tutataja watatu.

Wa kwanza ni mfalme wa Kumbukumbu 17. Ameamriwa asijilimbikizie farasi, wake, fedha na dhahabu. Kisha anaamriwa kuinakili sheria kwa ajili yake mwenyewe, akae nayo na kuisoma siku zote za maisha yake, ili moyo wake usijiinue juu ya ndugu zake. Sheria imewekwa mezani kwake ili imtawale yeye kwanza. Katiba yetu, katika kifungu cha 73, yasema jambo la jamaa moja na hilo: mamlaka ya afisa wa serikali ni amana aliyokabidhiwa na umma.

Wa pili ni Samweli. Alipozeeka, katika 1 Samweli 12, aliwakusanya watu wote akawauliza: ni ng'ombe wa nani nimechukua, au punda wa nani? Ni nani niliyemdhulumu? Ni kwa mkono wa nani nimepokea rushwa ya kuyapofusha macho yangu? Aliahidi kurudisha chochote kitakachothibitishwa. Aliyasema hayo mbele ya watu waliokuwa na uhuru wa kumjibu. Ni kiongozi gani wa Nairobi, wa chama chochote, awezaye kusimama Kamukunji akauliza maswali hayo na kungoja jibu?

Wa tatu, na kwetu mkubwa zaidi, ni Nehemia. Katika sura ya 5 watu walimlilia kwamba wameweka rehani mashamba na nyumba ili wapate nafaka wakati wa njaa, na wamekopa ili walipe kodi ya mfalme. Nehemia angeweza kufungua ghala akagawa chakula, akapigiwa makofi. Hakuanza hivyo. Aliwaita wakubwa kwenye mkutano, akawagombeza hadharani, akawataka warudishe mashamba, mizabibu na nyumba, na riba waliyotoza, siku ile ile. Akawaapisha. Baada ya haki ndipo anapotueleza juu ya ukarimu: kwamba kwa miaka 12 hakula posho ya uliwali, hakununua shamba, na mezani pake walikula watu 150. Alitoa, tena alitoa sana. Lakini alitoa kilicho chake, baada ya kurudisha kilicho cha watu.

Huo ndio utaratibu: haki kwanza, sadaka baadaye.

TUFANYE NINI

Kwa viongozi, wa serikali na wa upinzani, tunasema: fungueni daftari ya pili. Kabla ya kuleta mabati, onyesheni ni notisi gani mliyotoa, ni amri gani ya mahakama mliyoitii, ni deni gani mlilolipa, ni kiwanja gani cha umma kilichorudi kwa umma. Baada ya hapo mkitaka kutoa, toeni kama muumini mwingine yeyote, katika kikapu kinachopita, mkono wa kushoto usijue.

Kwa makanisa tunasema: Septemba 2021 Askofu Mkuu Jackson ole Sapit aliwazuia wanasiasa kuhutubia kutoka mimbarini katika Kanisa la Kianglikana, na Novemba 2024 Kayole walirudishiwa fedha zao. Mifano ipo. Yakobo, katika sura ya 2, anawakemea wanaompa mwenye pete ya dhahabu kiti cha mbele na kumwambia maskini asimame kule. Viti vile vyenye vitambaa vyeupe, vinavyopangwa mbele mgeni mheshimiwa anapotarajiwa, viondolewe. Kila parokia na kila ushirika uwe na kamati ya haki yenye kuweka kumbukumbu: ni nani amepewa ilani ya kuhamishwa, ni kiwanja gani cha michezo kimezungushiwa mabati, ni jengo gani lina nyufa. Kumbukumbu hizo zisomwe pamoja na matangazo ya ndoa.

Na kwetu wenyewe, wananchi wa Makadara, Kamukunji, Mathare, Embakasi na Starehe, tunasema: tusiuze swali letu. Mgombea akija na unga, na tumuulize juu ya Kariobangi. Akija na basi, na tumuulize juu ya Huruma. Hatumkosei heshima, tunampima kwa kipimo ambacho Samweli alijipimia mwenyewe.

Mungu wa Nabothi hakusahau shamba moja dogo karibu na jumba la mfalme. Hatasahau Muoroto. Nasi tusisahau.